Mjomba wa Muscat abebe mashine ipi ya gemu?

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi:

"Kaka, habari za kazi. Nina watoto wawili wa kiume, mmoja ana miaka 14, mwingine 9. Mjomba wao yuko Muscat, Oman, na anakuja likizo Desemba. Amesema atawaletea mashine ya gemu, ila nichague mimi: PS5 isiyo na sehemu ya CD, Xbox Series S, au Nintendo Switch. Fundi wa mtaani kwetu anasema nisihangaike, ninunue PS4 ya mtumba Kariakoo, hela nyingine mjomba anitumie iwe ya ada. Mkubwa anataka mpira tu, mdogo anacheza chochote. Nyumbani tuna TV ya inchi 43, umeme wa LUKU, na intaneti yetu ni bando la simu. Mimi mwenyewe hata sijui zinafananaje. Nichague ipi?"

Salama, dada yangu. Umefanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi: umenitajia bando. Kila wiki napata maswali ya PS5 na Xbox, mtu ananiandikia habari za 4K na teraflopsi alizozisikia YouTube, lakini haniambii intaneti inaingiaje ndani kwake. Wewe umelisema hilo, na nusu ya jibu imetoka hapo hapo.

Nikupe jibu lenyewe kwanza ili usisome kwa wasiwasi. Mwambie mjomba alete PS5, lakini yenye sehemu ya CD. Kama nyongeza ya bei inamlemea, basi fundi wenu hajakosea: PS4 Slim, ile nyembamba, ya mtumba, ikikaguliwa vizuri, itawasogeza watoto mwaka mmoja au miwili. Series S ni mashine nzuri ila si ya nyumba yako. Switch nitairudia baadaye, maana ina sharti lake.

Sasa kwa nini.

Ukisikiliza mashabiki, utaambiwa hii ni mechi ya Sony, wenye PlayStation (ndiyo PS), na Microsoft, wenye Xbox, na Nintendo mwenye Switch yuko uwanja wa pembeni anacheza mpira wake. PS5 na Xbox Series zilitoka Novemba 2020, zikapishana siku mbili tu, na tangu siku hiyo watu wanabishana kama Simba na Yanga. Mimi nimezifungua zote mbili, nimezicheza zote mbili. PS5 na Series X, ile Xbox kubwa, zimekaribiana nguvu kiasi kwamba kwenye TV ya inchi 43, ukiwa umekaa kwenye kochi, huwezi kuniambia ipi ni ipi. Kwa nyumba inayotegemea bando la simu mechi ni nyingine kabisa. Ni CD dhidi ya bando.

Mashine isiyo na CD ina mlango mmoja tu wa kuingizia gemu, nao ni intaneti. Gemu kubwa za siku hizi zina GB 40, GB 60, nyingine zinapita 100. Hapo bado apdeti, ambazo huja bila hodi. Chukua bei unayolipa kwa GB moja kwenye simu, zidisha mara hamsini. Hiyo ndiyo nauli ya gemu moja kufika sebuleni kwako, na gemu yenyewe bado hujailipia.

Mwaka juzi jamaa mmoja aliniita nyumbani kwake nimfungie mashine isiyo na CD, zawadi kutoka kwa dada yake aliye Ulaya. Sitaji ni ya kampuni gani, kwa sababu zote zisizo na CD zina tabia hiyo hiyo. Alikuwa amejiandaa kama ana harusi: TV imefutwa vumbi, watoto wamekaa kwenye mkeka, juisi ipo mezani. Tukawasha, ikaomba intaneti. Nikawasha hotspoti ya simu yangu, ikaomba apdeti. Tukasubiri. Apdeti ikaisha, ikatufungulia menyu nzuri yenye rangi zote, na ndani hamna gemu hata moja. Tukaanza kupakua gemu ya mpira. Asilimia 3. Asilimia 4. Bado 4. Ilipofika 11 bando langu likakata, tukahamia kwenye simu yake. Saa nne usiku watoto walikuwa wamelala palepale kwenye mkeka, na kioo kinasoma 38. Mwezi haukuisha, akaiuza.

CD ni kitu cha mkononi. Mwanao akimaliza kuifaidi ya kwake, anaipeleka kwa rafiki yake wa mtaa wa pili na kurudi na nyingine. Mkiichoka kabisa mnaiuza, hela kidogo inarudi. Gemu ya kupakua haiazimwi wala haiuzwi, imefungwa kwenye akaunti ya aliyeinunua mpaka siku ya kiama. Mashine hizi zilipotoka, PS5 isiyo na CD ilikuwa dola 399 na yenye CD dola 499. Watu waliona wameokoa dola mia. Gemu mpya moja inauzwa mpaka dola 70, hivyo ukinunua CD tatu nne zilizotumika na kuzibadilisha na wenzako, ile mia imesharudi. Ni kweli duka la mtandaoni nalo huwa na punguzo kubwa mara kwa mara, ila punguzo la gemu halipunguzi GB zake.

Lakini nisikudanganye, CD ya leo si ile ya PS2. Enzi zile nilikuwa na banda la gemu, TV nne za chogo na PS2 nne, na kijana alikuja na CD aliyoifutia kwenye shati lake, anaiingiza, anacheza. Ikigoma, anapuliza, anaifuta tena. PS2 iliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na nina hakika kuna nyingine hazikuwahi kuhesabiwa kwa jinsi zilivyozunguka huku kwetu. PS4 na PS5 hazichezi moja kwa moja kutoka kwenye CD. Zinanakili gemu yote kwanza kwenye diski ya ndani, kisha CD inabaki pale kama ufunguo: ukiitoa, gemu haiendi. Kazi ya kunakili haimalizi bando. Kwenye gemu ya mpira, EA Sports FC, mechi za kawaida za watu wawili na kuendesha timu yako mwenyewe vinakwenda bila intaneti. Kinachodai intaneti ni kucheza na watu wa mbali na ile sehemu ya kukusanya wachezaji ya Ultimate Team. Pia bila apdeti, wachezaji watabaki kwenye timu walizokuwa nazo CD ilipochapwa. Mwanao mkubwa atalalamika siku mbili, siku ya tatu utamsikia anashangilia goli.

Usichanganyikiwe na majina. Ile gemu iliyoitwa FIFA miaka yote haiitwi FIFA tena. EA, kampuni inayoitengeneza, walitengana na FIFA, shirika la mpira, ya mwisho kwa jina la zamani ikawa FIFA 23, na kuanzia Septemba 2023 inaitwa EA Sports FC. Muuzaji akikwambia ana FIFA 25 original, ujue au hajui anachouza, au anajua sana.

Haya, twende kwa mjomba. Anaposema PS5 isiyo na CD, muulize ni ya umbo lipi. Za mwanzo, za 2020 mpaka 2023, zilikuwa kubwa, na ganda lake jeupe lina vipande viwili vikubwa kama kola ya kanzu. Hizo zikitoka kiwandani bila CD, ndivyo zitakavyokuwa milele. Mwishoni mwa 2023 ikaja nyembamba, ambayo ganda lake limegawanyika vipande vinne. Hii nyembamba, hata ikiwa haina CD, inakubali kufungwa kifaa cha kusomea CD kinachouzwa peke yake. Marekani kilianza kwa bei ya dola 80. Kwa hiyo kama mjomba ameshanunua, mambo hayajaharibika, anunue na hicho kifaa. Sharti lake moja: siku ya kukifunga kwa mara ya kwanza, mashine inataka intaneti ili ikitambue. Akifunge kule kule Muscat kabla hajafunga begi, asije akakuachia wewe kazi hiyo na hotspoti. PS5 Pro, ile yenye nguvu zaidi, naye ni vivyo hivyo, huuzwa bila CD. Na kwa TV yako Pro ni kumwaga hela.

Kwa vile anasafiri, uzito nao ni hoja. PS5 ya zamani yenye CD ina kilo 4.5. Nyembamba yenye CD ina kilo 3.2. Kwa mtu anayebebeshwa mizigo ya ukoo mzima, hiyo kilo 1.3 ni viatu vya watu wawili.

Bahati yenu nyingine ni kwamba mjomba yuko Oman. Kwenye orodha ya nchi zenye huduma ya mtandao wa PlayStation, hapa Afrika ipo Afrika Kusini, lakini Tanzania na Kenya hazimo. Oman imo. Ndiyo maana vijana wengi huku wana akaunti za Marekani au Uingereza walizofunguliwa na mafundi, na siku moja kadi ya kulipia inakataliwa, au akaunti inafungwa, na huna pa kulalamikia kwa sababu ulisema unaishi Texas. Hili si jambo la kufikirika. Mei 2024 Sony walitaka wachezaji wa gemu ya Helldivers 2 wanaoichezea kwenye kompyuta waunganishe akaunti za PlayStation. Wachezaji wakaja juu, Sony wakaacha mpango huo, lakini gemu ilikuwa imeshaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Mjomba anaishi Oman, akaunti yake ni ya halali na kadi yake ya benki inafanya kazi. Afungue akaunti yake kwenye mashine hiyo, awafungulie watoto za kwao chini yake kama familia, aweke na namba ya siri ya ununuzi anayoijua yeye na wewe. Achague nchi kwa uangalifu, maana akaunti ya PlayStation ikishafunguliwa kwa nchi fulani haibadilishwi. Kadi za kuongeza salio nazo lazima ziwe za nchi hiyo hiyo. CD hazina ubaguzi huo, ya Dubai inacheza, ya London inacheza, ya Kariakoo inacheza. Ila nyongeza za kulipia za gemu hiyo ndizo zinazotaka CD na akaunti viwe vya eneo moja.

Mkiwasha menyu ikaja kwa Kiarabu, msishtuke. Ni lugha tu, inabadilishwa kwenye mipangilio.

Xbox sasa. Series S ndiyo ya bei ndogo kati ya mashine mpya za kundi hili, ilianza dola 299. Ni nyeupe, ina duara jeusi la feni ubavuni kama spika, haifiki hata kilo mbili. Nguvu zake ni theluthi ya kaka yake Series X, lakini kwa TV ya inchi 43 hilo lisikunyime usingizi. Shida zake kwako ni mbili. Haina CD na haiwezi kuongezewa. Na nafasi ya ndani, kwenye ile ya GB 512, inayobaki kwa gemu zako ni kama GB 364, maana yake gemu kubwa tano sita imejaa. Watu wanaoipenda wanaipendea Game Pass, unalipa kwa mwezi unapata gemu mamia. Kwa mtu mwenye intaneti ya waya wa faiba nyumbani mimi mwenyewe ningemshauri aichukue bila kupepesa. Kwako wewe Game Pass ni kulipia buffet halafu sahani wanakukodisha. Na malipo yenyewe yalipanda: Oktoba 2025 daraja la juu lilifika dola 29.99 kwa mwezi.

Iko njia moja ya kuiokoa Series S, na naitaja kwa sababu huenda mjomba ameshailipia. Aijaze kule. Akiwa kwenye intaneti ya Muscat, anunue gemu tano na kuzipakua zote, aiweke mashine hiyo kuwa ndiyo Xbox ya nyumbani ya akaunti yake, kisha aipande nayo ndege. Hapo watoto watacheza bila intaneti. Lakini ziwe gemu alizonunua, zisiwe za Game Pass, kwa sababu za Game Pass zinadai kuonana na intaneti kila baada ya siku 30. Tena aiwashe kwanza na kumaliza apdeti zote, maana Xbox hizi haziwaki kwa mara ya kwanza bila kuingia mtandaoni. Hata PS5 isiyo na CD inaweza kujazwa hivyo hivyo. Ila fikiria mwakani: watoto watakuwa na gemu zile zile tano mpaka mjomba arudi tena na begi.

Na Xbox Series X, yenye CD? Ni mashine tamu, na ina sifa ambayo PS5 haina: inasoma CD nyingi za Xbox One, na hata baadhi ya za Xbox 360 na za Xbox ya kwanza kabisa ya 2001, ilhali PS5 inaishia kwenye PS4, CD za PS3 kurudi nyuma haizitambui. Tatizo ni mtaa. Nenda duka lolote la gemu uangalie rafu ya CD za PlayStation, halafu uulize za Xbox ziko wapi. Atainama chini ya meza. Padi za kuchezea, mafundi, vipuri, wapinzani wa mwanao, vyote viko upande wa PlayStation, tangu enzi za mabanda. Isitoshe gemu zilizokuwa za Xbox peke yake zimeanza kuhama. Forza Horizon 5, ile ya magari, iliingia PS5 Aprili 2025. Gemu nyingi za Sony bado hazivuki kwenda Xbox.

Switch ni ya mwanao mdogo wa miaka 9, na hapo ndipo lilipo lile sharti. Kama ungekuwa na mtoto huyo peke yake ningekwambia chukua Switch ulale. Inashikwa mkononi, inachomekwa kwenye TV ukitaka, umeme ukikatika inaendelea na chaji yake, na gemu zake za kina Mario zimetengenezwa na watu wanaojua watoto wanacheka kwa kitu gani. Zaidi ya milioni 150 zimeuzwa tangu Machi 2017. Mpira upo pia, FC inatolewa kwa Switch kila mwaka. Ila gemu za Nintendo hazishuki bei. Gemu ya miaka minane utaikuta inauzwa karibu sawa na siku ilipotoka, na vile vikadi vyake vidogo, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, Tanga utavitafuta kwa tochi. Lipo pia toleo la Lite, ambalo halichomekwi kwenye TV kabisa. Na kama kuna ndugu anayewaletea magari kutoka Japani akajitolea kuleta Switch 2, ile mpya, ya huko kwa kuwa ni rahisi, kataeni. Toleo la bei nafuu la Japani linakubali lugha ya Kijapani tu na akaunti za Japani tu.

Mkubwa wako hataki Mario, ameshasema. Ndiyo maana Switch naiacha.

Tuje kwa fundi na PS4 yake. PS4 ilitoka Novemba 2013, kwa hiyo ni mzee, lakini mzee mwenye watu wake: ziliuzwa zaidi ya milioni 117, CD zake zimezagaa, na FC 26 ya Septemba 2025 bado ilitoka na toleo lake. Faida nyingine, kila CD ya PS4 mtakayonunua leo itakuja kufanya kazi kwenye PS5 yenye CD siku mkiipata, isipokuwa gemu chache sana. Kinyume chake hapana, CD ya PS5 kwenye PS4 ni sahani. Mjue tu kwamba gemu mpya zinaanza kuiacha. Gemu ya GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series, PS4 haimo. Mkubwa wako atakuimbia habari za GTA hiyo, nakupa taarifa mapema. GTA V ina alama ya 18 kwenye ganda, na alama hiyo ni ya umri wa mchezaji, wala si idadi ya vipindi. Gemu ya mpira, FC 26, ina 3.

Ukienda Kariakoo, usinunue PS4 iliyozimwa. Tafuta Slim, maandishi ya chini yanaanza na CUH-2. Mulika tundu la HDMI, la waya wa kwenda kwenye TV, kwa tochi ya simu: ukiona vijino vimepinda au tundu linacheza, ondoka, hiyo ndiyo nyama ya mafundi. Nenda na CD yako mwenyewe, iingize, cheza dakika ishirini huku umesimama. Feni ikianza kulia kama bodaboda inapanda mlima, kuna vumbi ndani au pasta ya kupozea imekauka. Hilo linarekebishika, lakini bei ishuke kwanza. Waambie waingie mtandaoni mbele yako, uone kama haijafungiwa. Na ukiambiwa "hii ina gemu ishirini ndani, hauhitaji CD", hiyo imevunjwa programu yake. Haiwezi kwenda mtandaoni bila hatari ya kufungiwa, haiwezi kuapdetiwa, na gemu mpya zitakuwa zinaidai apdeti ambayo haitakiwi kuipata.

Pwani yetu ina adui mwingine. Nimefungua PS4 ya mteja mmoja iliyokuwa inazima kila dakika kumi, nikakuta feni imevaa sweta la vumbi lenye unyevu wa chumvi, na pembeni ya kifaa cha ndani cha kusambazia umeme mende ametaga. Juu ya mashine hiyo nyumbani kulikuwa na kitambaa kizuri cha kufuma, maua ya waridi, kilichoiziba matundu yote. Dada, nakuomba. Kitambaa kikae kwenye kochi. Mashine ikae wazi, isipangwe juu ya king'amuzi, iwe na nafasi ya viganja viwili kila upande.

Umeme wenyewe haukutishi kama unavyodhani. PS5 ikiwa kwenye gemu nzito inavuta kama wati 200. Saa mbili kwa siku ni yuniti 0.4, kwa mwezi yuniti 12. Series S na PS4 Slim ziko chini ya nusu ya hapo, Switch haifiki wati 20. Kama mko kwenye ile tarifa ya chini ya yuniti 75 kwa mwezi, angalia zile 12 zisije zikawavusha mstari. Kinachoua mashine ni umeme kurudi kwa kishindo. Weka kile kifaa cha kulindia friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, na uwazoeshe watoto kuizima mashine kabisa wakimaliza, wasiiache kwenye usingizi. Plagi ya Oman ni ile ile ya pini tatu za mraba kama yetu, hamhitaji adapta. Ikipotea waya ya umeme, PS5 inatumia ile ya vitundu viwili, ya redio kaseti.

La mwisho ni padi. Kwenye boksi inakuja moja, na una watoto wawili. Hapo wauzaji wengi watakwambia chukua padi ya PS4, ni rahisi, inaungana na PS5. Inaungana kweli, lakini kwenye gemu za PS4 tu. Ukiweka CD ya PS5 inakataa. Kwa hiyo mwambie mjomba abebe padi ya pili ya PS5 yenyewe, na achukue ya rangi tofauti, ili siku kidude cha kuchezesha mchezaji kikianza kujisogeza chenyewe, ijulikane nani aliyekuwa anaibamiza sakafuni akifungwa.